Miaka 20 ya ndoa, siku tatu Mombasa, mfuko mmoja

Tulipofunga ndoa mjini Tanga mwezi wa Safar mwaka 1426 Hijria, sawa na Machi 2005, baadhi ya shangazi zetu walinung'unika. Walisema mfunguo tano si mwezi wa kuoza, na kwamba ndoa ya Safar huandamwa na mikosi. Shehe aliyetuozesha aliwajibu kwa upole kuwa Mtume (s.a.w.) alikwisha kuibatilisha itikadi hiyo ya kuuona mwezi wa Safar kuwa na nuhusi, na kwamba miezi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Tukaozwa. Usiku ule tuliahidiana jambo moja: mwaka utakapotimia, In shaa Allah, tutakwenda kutembea Mombasa, sisi wawili tu.

Mwaka ulitimia ukatukuta na mtoto wa miezi miwili. Wa pili ukatukuta tunaezeka nyumba. Wa tano ukatukuta hospitalini tukimuuguza mzazi. Kila Safar ilipoandama tulitazamana, tukacheka, tukasema, "Mwakani." Mombasa si mbali na kwetu. Mpaka wa Horohoro uko mwendo wa saa moja na ushei, na kwenye stendi ya Tanga wapiga debe huliita jina la mji huo kama wanavyoita Muheza au Korogwe. Hata hivyo miaka 20 ilipita bila ya sisi kuuvuka mpaka ule.

Katika miaka hiyo hatukugombana kwa kelele, wala majirani hawakupata kuitwa kutusuluhisha. Tulichopoteza ni mazungumzo. Yalipungua kidogo kidogo hadi yakabaki ya lazima: gesi imekwisha, luku imekatika, ada ya muhula wa pili haijalipwa, mtoto wa mwisho anakohoa. Tulikuwa tukilala chumba kimoja na kuamka chumba kimoja, lakini kila mmoja wetu alikuwa na hesabu zake kichwani ambazo mwenzake hazijui.

Ndugu na marafiki wametuomba tuandike jinsi tulivyosafiri kwa fedha kidogo, na hayo tutayaeleza. Tutaeleza pia jambo ambalo hatukulitengea fungu lolote katika bajeti yetu, kwa kutaraji kuwa litawafaa wanandoa wengine. Pale patakapohitaji sitara tutasema "mmoja wetu" bila ya kumtaja, kwa sababu mume na mke ni vazi kila mmoja kwa mwenzake, na vazi halivuliwi gazetini.

Je, yafaa?

Kabla ya yote tulimwendea shehe wa mtaani kwetu tukamuuliza kama yafaa kuadhimisha miaka ya ndoa. Alituambia kuwa Waislamu wana idi mbili, na kwamba tusijizulie ya tatu kwa keki za gharama, mialiko na picha za kujionesha. Ama mume na mke kutoka pamoja, wakapumzika na kumshukuru Mola wao kwa umri aliowapa katika ndoa, hilo halina ubaya. Akatukumbusha kuwa Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma, alipata kushindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Bi Aisha akashinda mara ya kwanza. Miaka ikapita, wakashindana tena, Mtume (s.a.w.) akashinda, akamtania mkewe kuwa ile ni badala ya siku ile.

"Basi nendeni," alisema shehe. "Lakini msikope kwa ajili ya matembezi."

Tulikuja kukumbuka baadaye kwamba mmoja wetu aliinamisha macho.

Hesabu kabla ya safari

Fedha tuliziweka katika kibubu cha bati kwa miezi kumi na moja, kuanzia Mfunguo Sita ya mwaka 1445. Tuliweka sharti kwamba kibubu kisiguse fedha ya chakula wala ya ada. Kiliingizwa kilichopatikana pembeni: faida ya vitumbua vya jioni, malipo ya kazi za ziada, na chenji zilizobaki mifukoni wakati wa kufua. Tulipokipasua tulikuwa na shilingi 400,000.

Tuliketi kitandani tukazigawa katika bahasha. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, shilingi 100,000. Malazi ya siku mbili, 64,000. Chakula, 80,000. Usafiri wa mjini na viingilio, 40,000. Zawadi za watoto na bibi yao, 40,000. Shilingi 76,000 zilizobaki tuliziita akiba ya dharura, tukaazimia kwamba tukirudi nazo salama tutajiona tumefaulu.

Tuliongeza kanuni mbili. Ya kwanza, mfuko utakuwa mmoja. Kila mmoja ataweka humo alicho nacho, na hakuna noti itakayobaki kwenye pochi ya mtu. Ya pili, kila jioni tutauhesabu pamoja na kuandika kilichotoka. Wakati ule tulidhani kanuni hizi ni za kubana matumizi tu.

Kwa wanaokusudia safari kama hii, jambo la kwanza ni nyaraka. Mtanzania anayekwenda Kenya huhitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria itolewayo na Uhamiaji, na ni vyema abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Jirani yetu aliyewahi kuishi Mombasa alituongezea jingine ambalo lilituchekesha: tubebe cheti cha ndoa. Tulikitafuta siku mbili. Kilikuwa chini ya sanduku, ndani ya bahasha ya kaki, kimefifia rangi.

Watoto wetu watatu tuliwaacha kwa bibi yao. Tuliondoka Alhamisi baada ya Sala ya Alfajiri, tumebeba chapati na mayai ya kuchemsha ili tusinunue chakula njiani. Kabla hatujafika Horohoro, simu ya mmoja wetu ililia mara tatu, na mara tatu ikanyamazishwa. Tulipovuka mpaka na mtandao wa nyumbani kukatika, mwenye simu alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mwenzake aliona, asiulize. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea.

"Cheti munacho?"

Barabara ya kutoka Lunga Lunga hupita katika minazi na vijiji ambavyo macho ya mtu wa Tanga huviona kama vyake. Ukipita Ukunda hufika Likoni, na hapo bahari hukata njia. Kisiwa cha Mombasa kiko ng'ambo, na watu huvuka kwa feri. Tulisimama katikati ya umati wa wachuuzi, wanafunzi na akina mama wenye mabuibui, tukauona mji tuliouahirisha miaka 20 ukitujia polepole.

Tulikuwa tumeagiziwa chumba katika nyumba ya wageni ndani ya Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mawe zilizolika. Bei yake ilikuwa shilingi 1,600 za Kenya kwa usiku mmoja, nayo shilingi moja ya kule ilikuwa takriban 20 za kwetu. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, feni, na dirisha linalotazama uchochoro. Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa makamo ya mama zetu, aliyefunga leso mbili, moja kiunoni na moja begani.

"Ndooni, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Tanga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Cheti munacho?"

Tulikitoa. Alivaa miwani akakisoma kimoyomoyo tangu juu hadi chini: majina, tarehe, mashahidi. Alipofika kwenye mahari akasoma kwa sauti, "Msahafu mmoja na shilingi 80,000." Akatutazama juu ya miwani. "Mumeoana kwa Msahafu, nanyi mungali pamoja. Basi kwangu hamulali na ndaa."

Akatuletea chai ya tangawizi na mkate wa sinia, bila ya malipo. Tulipobaki wenyewe tulikisoma cheti kile pamoja. Tulizikuta saini zetu za ujana, moja ikiwa na mikunjo mingi ya mbwembwe. Mmoja wa mashahidi wetu wawili amekwisha kutangulia mbele ya haki. Tukamrehemu. Hatukuwa tumeketi hivyo, tukisoma kitu kimoja mikononi mwetu, kwa muda mrefu.

Mji usiodai kitu

Ijumaa asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama muuzaji pembeni mwa uchochoro, tukashiba kwa fedha ambayo katika hoteli isingetosha chai ya mtu mmoja. Funzo letu la kwanza la matembezi ya bei nafuu lilikuwa hilo: kula wanapokula wenyeji, na ule saa wanayokula wao.

Kiingilio pekee tulicholipa kilikuwa cha Ngome ya Yesu, nasi tulilipishwa kwa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, ambacho ni nafuu kuliko cha wageni wengine. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 juu ya mwamba unaolinda mlango wa bandari. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na hawakuitwaa hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi kwa waliokuwa ndani. Waingereza walipokuja waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulisimama juu ya ukuta wake tukaitazama bahari ileile inayofika kwetu Tanga. Mmoja wetu aliuliza, watu waliwezaje kukaa miaka karibu mitatu wamefungiwa humu bila kusalimu amri. Mwenzake akajibu kwamba huenda kila siku walijiambia msaada utafika kesho. Kisha akanyamaza.

Kutoka ngomeni tuliingia Ndia Kuu. Jina hilo peke yake lilitufurahisha, kwani kwa Kimvita njia ni ndia, na njaa ni ndaa kama alivyosema mwenyeji wetu. Milango ya nakshi, roshani za mbao, wauza kahawa chungu na haluwa, watoto wa madrasa wenye kofia na juzuu kwapani, vyote hivyo vilikuwa bure kuvitazama. Tulipita kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao unatajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570 na bado unasaliwa. Mnara wake mweupe ni mfupi na mnene, haufanani na minara ya siku hizi.

Mji huu pia ndio mji wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, akiwa amekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Msomaji wa gazeti la Kiislamu anapaswa kumjua, kwa kuwa alitangulia katika kazi hii: mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akiwasemesha Waislamu wa pwani kwa lugha yao juu ya elimu, umoja na mwenendo wa maisha. Miongoni mwa aliyoyakemea ni israfu, watu kutumia wasichokuwa nacho ili waonekane wanacho. Tulizungumza habari zake tukitembea vichochoro alivyovipita, na mmoja wetu alisema kwa sauti ndogo, "Angetukemea na sisi." Mwenzake alidhani ni mzaha.

Msafiri hakulazimishwa Ijumaa, lakini kukosa khutba katika mji kama ule kungekuwa hasara, basi mume akaenda kusali na mke akasali nyumbani pamoja na mwenyeji wetu. Sala nyingine za rakaa nne tulizifupisha tuliposali wenyewe, kwa kuwa umbali ulitimia na siku zetu zilikuwa chache. Hiyo nayo ni zawadi ya Mola kwa msafiri, haina gharama, na wengi wetu huisahau.

Alasiri tulikwenda Likoni tukavuka feri kwa miguu, tukarudi kwa feri iliyofuata. Mvukaji wa miguu halipi kitu. Watoto wa watu walikuwa wakirudi kutoka shuleni na mafundi kutoka kazini, nasi tulisimama ukingoni tumeshikana mikono kama tuliooana jana. Hatujui kama kuna matembezi ya baharini yaliyo nafuu kuliko hayo katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Ukutani kwa Mama Ngina

Jua lilipolegea tulikwenda kwenye bustani ya Mama Ngina, mahali ambapo familia za Mombasa hukusanyika jioni, chini ya mibuyu na kando ya ukuta unaotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Tulinunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na dafu moja la kugawana. Meli kubwa iliyobeba makontena ilipita karibu sana nasi, ikielekea bandarini, kimya kwa ukubwa ule.

Ilikuwa saa ya kuhesabu mfuko. Tulihesabu. Akiba ya dharura ilikuwa nzima, haijaguswa, na juu yake tulikuwa tumebana kidogo katika chakula na nauli. Mmoja wetu alifurahi akasema, "Tuna ziada. Tunaweza kuongeza usiku mmoja."

Mwenzake alikaa kimya hadi meli ilipokwisha kupita. Kisha akasema, "Ziada hiyo si yetu. Nina deni."

Akaeleza. Mwezi wa Oktoba mwaka uliotangulia, ada ya mtoto wetu mkubwa ilipochelewa na biashara ilipokuwa imelala, alikwenda kwa wale wakopeshaji ambao mitaani kwetu huitwa kausha damu. Alichukua shilingi 500,000 kwa masharti ya kurejesha kila wiki. Wiki moja ikamshinda, ikazaa faini, na faini ikazaa riba. Alikuwa amekwisha kulipa zaidi ya alichokopa, na bado alidaiwa shilingi 620,000. Dhamana aliyoiandikisha ilikuwa jokofu na makochi ya nyumbani kwetu. Simu zilizolia kabla ya Horohoro zilikuwa zao.

Adhana ya Magharibi ikaita. Tuliinuka tukaenda kusali, kila mmoja upande wake, hatujasema neno jingine. Njiani kurudi hatukushikana mikono.

Ilikuwa baada ya Isha, mlango umefungwa na feni ikizunguka, ndipo aliyedhulumiwa habari akasema: "Fedha haikuniuma. Limeniuma hili, kwamba miezi yote hiyo nimekaa katika nyumba yenye makochi yaliyowekwa rehani, ninapokea wageni, ninacheka nao, nawe unanitazama tu. Na kibubu? Kwa nini hukunambia tukakipasua?"

"Kwa sababu kila Safar ulisema mwakani, ukacheka. Sikuweza kuwa mimi wa kuiua Safar ya ishirini."

Tulilia sote wawili. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha likatokea la pili. Yule aliyeumizwa alinyamaza kitambo, akasema kwamba na yeye hana haki ya kumhukumu mwenzake moja kwa moja. Alikuwa katika upatu wa siri. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akichangia, na zamu yake ya kupokea shilingi 300,000 ilikuwa mwezi unaofuata. Hakuwa na nia mbaya. Alihofu tu kwamba fedha ikijulikana nyumbani itaisha nyumbani. Basi huyu alificha deni na yule alificha akiba, chini ya paa moja, na katikati ya wawili hao riba ilikuwa ikinenepa kila wiki. Laiti tungelizungumza Oktoba, upatu ule ungeweza kukopeshana zamu, na mlango wa kausha damu usingebishwa.

Hesabu nyuma ya bahasha

Riba ni dhambi kabla haijawa hasara. Kwa hiyo tulianza na toba. Tulitawadha, tukasali rakaa mbili, aliyekopa akamwomba Mola msamaha na kuazimia kutorudi, na mwenzake akaomba msamaha wa kujenga nyumba ambayo mtu anaogopa kusema shida yake ndani yake. Ndipo tukatafuta karatasi. Iliyokuwapo ilikuwa bahasha ya kaki ya cheti cha ndoa. Nyuma yake tukaandika: deni 620,000. Upatu 300,000. Masalio ya safari 85,000. Iliyobaki, 235,000, tukaigawa kwa miezi mitatu, na mbele ya kila mwezi tukaandika nini kitaachwa ili ipatikane.

Saa saba ya usiku tulikuwa bado tunazungumza. Tulizungumza hata yasiyohusu fedha. Mmoja wetu aligundua kuwa mwenzake huogopa kuzeeka kama baba yake alivyozeeka, na mwingine aligundua kuwa mwenzake bado anakumbuka rangi ya gauni la siku ya kwanza walipoonana. Miaka 20, na hayo hatukuyajua.

Jumamosi hatukuongeza usiku. Tulikwenda Marikiti asubuhi tukanunua mabuyu ya rangi, achari ya maembe na leso moja ya bibi yao, ndani ya fungu lililotengwa. Tulipiga picha moja tu chini ya pembe kubwa za barabara ya Moi, ambazo ziliwekwa miaka ya 1950 zama za ukoloni na sasa ni alama ya mji. Tulipokuwa tunaaga, mwenyeji wetu aliiona bahasha ikiwa imejaa tarakimu nyuma yake. Hakuuliza. Alisema tu, "Kiwekeni pema cheti chenu, wanangu. Msikitie chini ya sanduku."

Kwa wasomaji wanaotaka kujua mwisho wa deni: tulipofika Tanga tulikwenda wote wawili kwa mkopeshaji, tukiwa na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Alipoona kuwa anayedaiwa hayuko peke yake tena, alikubali kuandika kiasi cha mwisho kisichoongezeka, na kupokea 85,000 kama malipo ya kwanza. Upatu ulipotoka tulilipa. Yaliyobaki tuliyamaliza mwezi wa Novemba, na karatasi ya dhamana tukairarua kwa mikono yetu.

Tunachowashauri wanandoa

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo kama yale yangeweza kufanyika nyumbani bila ya kutumia hata shilingi moja. Ni kweli. Lakini sisi tulikuwa na miaka 20 ya kuyafanya nyumbani na hatukuyafanya. Nyumbani kila mmoja alikuwa na pochi yake, simu yake na shughuli yake. Safari ilitulazimisha kuweka kila kitu katika mfuko mmoja na kuuhesabu pamoja kila jioni, na siri haikupata mahali pa kujificha.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mwepesi. Msingoje fedha nyingi. Mji wowote usioujua unafaa, hata ule ulio saa mbili kutoka kwenu. Anzeni kibubu, na kiwe cha halali. Lipieni malazi safi na yenye heshima, lakini kuleni kwa wenyeji na mtembee kwa miguu. Tafuteni vitu vya bure kwanza: bahari, misikiti ya kale, soko, kivuko. Wekeni akiba ya dharura na muiheshimu. Msikope kwa ajili ya matembezi, kama alivyotuonya shehe. Na zaidi ya yote, hesabuni mfuko pamoja, mkisha muulizane: kuna lipi ambalo halijaingia humu?

Cheti chetu sasa kiko ndani ya kabati, rafu ya juu, katika bahasha ileile. Safar ya mwaka 1447 ilipoandama tulikitoa tena. Hatukusafiri mwaka huo, kwa kuwa mtoto wa pili anaingia kidato cha kwanza. Tulikaa barazani, tukamenya mihogo yetu wenyewe, tukaikaanga na kuitia pilipili na ndimu, tukahesabu mfuko. Ulikuwa na fedha kidogo. Tulizijua zote.

Wabillahi tawfiq.